Jedwali la krediti 42: shajara ya mradi wetu Houston

Januari, wiki ya pili

Tumeanza. Tunataka kutengeneza jedwali kwa Kiswahili litakalomwonyesha mwanafunzi wa chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili hivi) hapa Texas masomo ya elimu ya jumla, yaani masomo ya msingi, anayotakiwa kusoma, kila somo linaingia eneo gani, na litamfuata vipi akihamia chuo kikuu cha umma. Tunakutana Jumamosi alasiri katika ukumbi wa kanisa tuliopewa bure, kusini-magharibi mwa jiji. Wanaokuja ni Wakongo waliokulia Nyarugusu na kambi za Uganda, Warundi, Wakenya, na sisi Watanzania. Wengi wanatoka zamu ya usiku na kuja moja kwa moja.

Niandike kilichonisukuma. Kijana mmoja wa jamii yetu alihamia chuo kikuu akiwa na masomo mengi mkononi. Akaambiwa krediti zake, yaani vipimo vya uzito wa kila somo alilofaulu, zimepokelewa zote, na nyumbani kwao wakamshukuru Mungu. Muhula ulipoanza, mpango wake wa shahada ukaonyesha bado anadaiwa masomo kadhaa ya msingi, kana kwamba ile miaka ya chuo cha jamii haikuwepo. Hakuna aliyemdanganya. Krediti zilipokelewa kweli, ila nyingine zikaandikwa kama masomo ya hiari, na shahada aliyoichagua ilikuwa na nafasi chache sana za hiari. Kupokelewa ni mbali na kuhesabiwa ni mbali. Nataka kila mtu wa kwetu ajue hilo kabla ya kulipia somo la kwanza.

Januari, mwisho wa mwezi

Safu za kwanza za jedwali zimekamilika. Vyuo vyote vya umma vya Texas vinafuata mpango mmoja wa masomo ya msingi wenye krediti 42, na mgawanyo wa sasa umetumika tangu mwaka 2014. Mawasiliano krediti 6, hisabati 3, sayansi ya viumbe na maumbile 6, lugha na falsafa na utamaduni 3, sanaa 3, historia ya Marekani 6, serikali 6, sayansi ya jamii na tabia 3, na eneo la tisa ambalo kila chuo hujipangia chenyewe, 6. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, kwa hiyo 42 hizi ni zaidi ya theluthi moja ya safari.

Jumamosi tulikaa sana kwenye namba za masomo, na nimefurahi tulivyofanya hivyo. Texas ina mfumo wa namba za pamoja ambao vyuo vya jamii vyote vinautumia. Chukua MATH 1314, aljebra ya chuo. Tarakimu ya kwanza, 1, ni somo la mwaka wa kwanza. Ya pili, 3, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho zinalitofautisha na masomo mengine ya fani hiyohiyo. BIOL 2401, anatomia na fiziolojia, ni somo la mwaka wa pili lenye krediti 4. Somo ambalo namba yake inaanza na sifuri ni la maandalizi: linakutayarisha kuingia darasa la chuo, lakini halihesabiwi kwenye shahada yoyote. Wenzetu wengi waliofanya mtihani wa kuingilia huku Kiingereza kikiwa bado kigeni wametumia mihula kwenye masomo ya sifuri wakidhani wanakusanya krediti. Masomo hayo yana faida yake na sitamwambia mtu ayaruke. Lakini aambiwe ukweli siku ya kwanza.

Vyuo vikuu vingine vina namba zao. Kule Austin, kwenye chuo kikuu kikubwa cha jimbo, ENGL 1301, somo la uandishi wa Kiingereza, inaitwa RHE 306. Kwa hiyo jedwali limepata safu ya ziada: jina la somo kule unakokwenda.

Februari, wiki ya pili

Leo nimeandika kwa wino mwekundu juu ya jedwali: MALIZA ZOTE 42 KABLA YA KUHAMA.

Sheria ya Texas ni wazi. Mwanafunzi aliyemaliza krediti 42 katika chuo cha umma akihamia chuo kingine cha umma, furushi lote linachukua nafasi ya masomo ya msingi ya kule aendako. Hawaruhusiwi kumwongezea somo jingine la msingi, hata kama orodha yao ni tofauti, isipokuwa pale ambapo bodi ya elimu ya juu ya jimbo imekipa chuo hicho kibali cha kuwa na mpango mkubwa zaidi. Anayehama kabla ya kumaliza ana haki pia: kila somo alilofaulu lililomo kwenye orodha ya msingi ya chuo chake cha kwanza lipewe krediti ya msingi. Ila huyu anapimwa somo kwa somo, kisha anajaziwa mapengo kwa kufuata orodha ya chuo kipya. Mzigo wa kuni uliofungwa kamba unafika mzima. Vijiti vya mkononi vinadondoka kimoja kimoja.

Tulichukua karatasi ya yule kijana tukaitazama pamoja naye. Alisoma saikolojia, sosholojia na uchumi, yote kwa alama nzuri. Eneo la sayansi ya jamii na tabia lina nafasi ya krediti 3 tu. Somo moja likaingia, mawili yakabaki nje. Alikuwa pia amesoma EDUC 1300, somo la mbinu za kujifunza ambalo baadhi ya vyuo huliweka kwenye eneo la tisa na vingine hawalitambui humo kabisa. Angebaki muhula mmoja zaidi akamaliza furushi, EDUC 1300 isingejadiliwa na mtu.

Nilimwambia, mdogo wangu, hujapoteza akili uliyopata. Akajibu kwamba anachofikiria ni ruzuku. Ana haki ya kufikiria hivyo. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ina kikomo cha mihula 12 ya masomo ya muda wote katika maisha ya mtu, na kila somo linalorudiwa linakula humohumo.

Februari, mwisho wa mwezi

Kikao kigumu kuliko vyote hadi sasa, na nadhani ndicho cha maana kuliko vyote.

Dada mmoja wa Bukavu alikuja na transkripti yake (karatasi ya matokeo ya chuo), krediti zinakaribia 60, anataka kuhamia chuo kikuu kusomea ustawi wa jamii. Kwa miaka amekuwa mkalimani wa watu wa kwao hospitalini na mashuleni bila malipo, na ni kazi anayoipenda kwa moyo wote. Tulipoanza kuyaweka masomo yake kwenye jedwali, mengi hayakupata pa kukaa. Alikuwa amesoma stashahada ya sayansi tendaji, ile ya AAS, upande wa kumbukumbu za afya.

"Kaka, namba zote ni nne kama hizo zako," aliniambia. "HITT 1305, si ni mwaka wa kwanza, krediti tatu?"

Ni kweli, namba zinafanana kabisa. Lakini Texas ina vitabu viwili vya masomo ya vyuo vya jamii. Kimoja ni cha masomo ya kitaaluma, yaliyotungwa ili yahamie chuo kikuu. Kingine ni cha masomo ya kazi, yaliyotungwa ili mtu aajiriwe haraka. HITT ni ya kitabu cha pili. Chuo kikuu hakilazimiki kuyaingiza masomo hayo kwenye elimu ya jumla, na kwa kawaida hakiyaingizi. Katika stashahada ya AAS, masomo ya elimu ya jumla yanaweza kuwa krediti 15 tu kati ya 60. Hizo ndizo zilizokaa kwenye jedwali lake.

Ukumbi ulinyamaza kidogo. Halafu mzee mmoja Mrundi, aliyekuwa mwalimu Bujumbura, akamwambia, "Mwanangu, hizo karatasi zimekulisha wewe na watoto. Hazikupotea. Sasa tutafute njia ya mbele." Nimeyaandika maneno yake kwa sababu mimi mwenyewe sikujua la kusema.

Na njia zipo. Ya kwanza ni shahada ya sanaa na sayansi tendaji, BAAS, ambayo vyuo vikuu kadhaa vya Texas vinaitoa kwa ajili ya watu wa namna yake hasa: masomo ya kazi yanaingia kama furushi la fani, kisha mtu anamalizia 42 za msingi na masomo ya juu. Ya pili ni kubaki na nia yake ya ustawi wa jamii na kuanza 42 upya akiwa na hizo 15 mkononi. Amesema atafikiri na mumewe. Sitampa jibu mimi.

Jedwali sasa lina swali lake la kwanza kabisa, kabla hata ya safu za masomo: stashahada yako ni AA (ya sanaa), AS (ya sayansi) au AAS? AA na AS kwa kawaida zina zile 42 ndani yake. Anayetaka kazi mapema achague AAS kwa macho yaliyo wazi. Ni njia ya heshima. Uuguzi una mpangilio wake, kwani AAS ya uuguzi inampeleka mtu kwenye leseni na vyuo vikuu vina programu za kumwendeleza muuguzi huyo hadi shahada. Lakini hata humo, 42 zitamsubiri.

Machi, wiki ya tatu

Karatasi za nyumbani. Kila aliyesoma chuo Afrika anauliza hili kwanza, na majibu hayafurahishi sana.

Chuo cha Texas kwa kawaida hakisomi transkripti ya Dar es Salaam au Lubumbashi chenyewe. Kinataka tathmini kutoka kampuni inayotambuliwa, kama WES au ECE, na ni lazima iwe tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla inasema tu kwamba una shahada au cheti cha ngazi fulani. Inatosha kwa baadhi ya waajiri, haitoshi kuhamisha krediti. Chuo kilichokufundisha kwa kawaida kinatakiwa kutuma matokeo chenyewe, na hapo ndipo waliokimbia vita wanapokwama.

Hata anayepata tathmini nzuri asitarajie maeneo yote. Hisabati, sayansi, falsafa na saikolojia mara nyingi hupata nafasi. Historia ya Marekani, na serikali ya Marekani na ya Texas, hazitatoka Afrika hata siku moja, kwa hiyo krediti 12 zile zisubiriwe hapahapa.

Mlango mwingine ni mitihani ya CLEP, ambayo mtu hulipia, hukaa chumba cha mtihani, na akifikia alama 50 vyuo vingi humpa krediti bila kukaa darasani. Ipo ya aljebra, ya historia ya Marekani, ya serikali ya Marekani, na ipo ya Kifaransa. Wakongo na Warundi waliosoma kwa Kifaransa tangu utotoni walishtuka kusikia kwamba lugha waliyoiacha mlangoni inaweza kuwalipa. Mara nyingi Kifaransa kinatimiza sharti la lugha ya kigeni la shahada za sanaa kuliko kuingia ndani ya 42, basi aulize kwanza chuo chake kinaipa nafasi gani.

Kiswahili hakimo kwenye CLEP. Upo mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha, unaopima Kiswahili, na chuo kinaweza kuukubali kikitaka. Hili linaniuma na nitaliandika lilivyo: lugha inayosemwa na mamilioni ya watu, na inayofundishwa katika vyuo vikuu vya Marekani kwenyewe, inastahili mlango ulio wazi kama Kifaransa.

Aprili

Mwezi wa waliohamia kutoka majimbo mengine, hasa Kentucky na Ohio, wakifuata ndugu.

Sheria ya Texas inadai kila mwenye shahada ya chuo cha umma asome krediti 6 za serikali, zikiwemo katiba ya Marekani na katiba ya Texas. Hapa zimegawanywa: GOVT 2305 ni serikali ya shirikisho, GOVT 2306 ni ya Texas. Anayekuja na somo la serikali kutoka jimbo jingine analeta ya shirikisho peke yake, na anayepita CLEP ya serikali ni vilevile. 2306 ataisoma. Historia ni nyepesi kidogo, kwa maana historia ya Marekani iliyosomwa kokote nchini hulingana na HIST 1301 na 1302, na krediti 3 kati ya zile 6 zinaweza kuwa historia ya Texas, HIST 2301.

Tena, ile sheria ya furushi inafunga vyuo vya umma vya Texas peke yake. Vyuo binafsi na vya nje ya jimbo vina taratibu zao. Ndugu akisema anahamia chuo cha kanisa kilicho jirani, jedwali letu linambakia kama orodha ya kuulizia tu.

Mei, baada ya mitihani

Wa kwanza katika kundi letu wamemaliza 42! Binti mmoja wa Kigoma na kaka yake. Tumewapikia pilau.

Kisha likaja la transkripti. Binti alituma yake chuo kikuu siku alizofunga mitihani, akaletewa tathmini inayomwonyesha hajamaliza masomo ya msingi. Alama za muhula wa mwisho zilikuwa bado hazijaingia, na juu ya transkripti palikosekana maneno "Core Complete". Ni maneno mawili tu, lakini ndiyo yanayofunga furushi. Tulimwambia asubiri alama zote ziingie, aende ofisi ya msajili wa chuo cha jamii ahakikishe maneno hayo yamechapwa, ndipo atume nakala rasmi upya. Ametuma, na tathmini imerekebishwa yote. Kaka yake alisubiri tangu mwanzo.

Nimeongeza pia tahadhari tatu kwenye ukurasa wa nyuma. Chuo kikuu hakilazimiki kupokea zaidi ya krediti 66 kutoka chuo cha jamii, kwa hiyo mtu asikae kule akiongeza masomo bila mpango. Angalau robo ya krediti za shahada lazima isomwe katika chuo kitakachoitoa. Na anayeacha masomo katikati ya muhula akumbuke kwamba Texas inamruhusu kuacha masomo sita tu katika shahada yake yote ya kwanza, akihama vyuo asihame.

Juni

Somo moja la mwenzetu limekataliwa na chuo kikuu, naye alilisoma hapahapa Texas kwenye chuo cha umma. Aliambiwa kwa mdomo dirishani. Nilimuuliza kama alipewa maandishi, hakupewa.

Hapa nataka watu wetu wasimame imara, kwa adabu lakini imara. Tumezoea kusikia hapana ya ofisi na kuondoka. Sheria inasema chuo kinachokataa somo la namna hiyo kimpe mwanafunzi taarifa ya maandishi, pamoja na chuo alikotoka, na kieleze sababu. Pande hizo zijaribu kuelewana. Zikishindwa ndani ya siku 45 tangu mwanafunzi apate taarifa, chuo kilichokataa kinapaswa kumjulisha Kamishna wa Elimu ya Juu wa jimbo, naye ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Siku hizo zinahesabiwa tangu maandishi, kwa hiyo bila maandishi huna pa kuanzia.

Aliomba maandishi kwa barua pepe, akaambatisha silabasi ya somo lenyewe, ile yenye mada za kila wiki na kitabu kilichotumika. Jambo halikufika kwa Kamishna. Idara iliisoma silabasi na somo likahesabiwa. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu ameagizwa kuhifadhi silabasi ya kila somo, kwenye simu na kwenye karatasi, hadi siku ya kuvaa joho.

Julai

Kazi ya mwezi huu ni kuoanisha 42 na fani. Mtu anaweza kumaliza masomo ya msingi yote na bado akachelewa, kama alichagua somo lisilofaa njia yake. Hisabati ndiyo inayoponza wengi. MATH 1332 inajaza eneo la hisabati vizuri kabisa kwa anayesomea mambo ya sanaa. Anayetaka biashara anahitaji 1324. Uuguzi mara nyingi unataka takwimu, 1342. Anayetaka uhandisi atadaiwa kalkulasi, 2413, hata awe na nini. Vivyo hivyo sayansi: muuguzi wa kesho aweke BIOL 2401 na 2402 kwenye eneo la sayansi kama orodha ya chuo chake inaziruhusu, apate mawili kwa mpigo. Na alama D inaweza kuhesabika kwenye masomo ya msingi huku fani ikikataa chochote chini ya C.

Dada wa Bukavu amerudi na uamuzi wake. Ni ustawi wa jamii. Amejiandikisha ENGL 1302 na GOVT 2306 kwa muhula wa vuli unaoanza Agosti, na mumewe amebadilisha zamu ili akae na watoto jioni.

Agosti, kabla ya muhula kufunguliwa

Jedwali limechapwa: mbele ni maeneo tisa na namba za masomo, nyuma ni tahadhari na mfano wa barua ya kuomba maandishi. Tumelilinganisha na orodha mpya za masomo ya msingi za vyuo vya jamii tunavyosoma, na tutafanya hivyo kila mwaka, maana eneo la tisa hubadilika na mwanafunzi huongozwa na orodha ya mwaka alioanza.

Bado hatujagusa wanafunzi wa sekondari wanaosoma masomo ya chuo wakiwa shuleni, na wazazi wao wanauliza. Mzee wa Bujumbura amejitolea kuandika upande wa Kirundi.

Kundi la pili linaanza Jumamosi ijayo, saa nane mchana. Kila mmoja aje na transkripti yake, hata isiyo rasmi, jina la shahada anayoitaka, na majina ya vyuo vikuu viwili anavyovifikiria. Aliye na tathmini ya masomo ya nyumbani aje nayo pia.